Shubiri Moja ya Maji

Sutvid, Jumatatu, 5 Machi 2007

Mdogo wangu Jelka,

Karatasi ya wiki hii ndiyo hiyo. Nimeivua kwenye ngoma ya mashine ya kupimia kimo cha bahari saa mbili kamili asubuhi kama mnavyotaka, kalamu nimeitia wino, na saa nimeilinganisha na redio. Sisi wazima. Kondoo wazima. Tonka kaninunia tangu jana, kwa hiyo naye mzima.

Sasa nisikilize, na usicheke kabla hujamaliza kusoma. Bahari imeinuka. Tazama karatasi mwenyewe, mstari uko karibu shubiri nzima juu ya pale unapokuwa kila Machi. Ungekuwa umevuma upepo wa kusini ningenyamaza, maana upepo huo hutusukumia maji kila mwaka. Lakini haujavuma siku ya kumi na mbili leo. Bahari imelala kama mafuta, na bado iko juu.

La pili, mkondo umegeuka. Boya la dema la samaki la Mzee Šime lilikatika upande wa kaskazini wa kisiwa, na juzi limeokotwa ufuo wa kusini. Tangu tuzaliwe mimi na wewe, kinachopotea hapa kinakwenda kaskazini-magharibi. Ndoo ya mama ilikwenda huko, kiatu changu kilikwenda huko. Sasa boya limekwenda kusini. Mashua yangu nayo imefungwa gatini lakini imeelekeza pua kwingine, na upepo hakuna.

Muulize huyo satelaiti wako, yule anayetuchungulia toka juu kama jirani mbea. Kama kweli anaona, basi ameona na hili.

Nimekuletea jibini. Tonka ameifungia kwenye karatasi tupu za mashine, zile mlizotuletea nyingi kupita kiasi. Usinikaripie mimi, mkaripie wifi yako, kama unaweza.

Kaka yako,
Vicko


Zadar, 8 Machi 2007

Kaka,

Jibini imefika, karatasi imefika, ubishi nao umefika ukiwa mzima bila kuvunjika njiani.

Nimekueleza mara ngapi? Satelaiti haichungulii. Inapita, inapima kimo cha bahari, inakwenda zake. Sisi hapa kwenye taasisi tuna modeli, yaani hesabu inayobashiri kila asubuhi maji yatakwenda wapi, na kile kipimo cha satelaiti tunakitumia kuisahihisha modeli pale ilipokosea. Leo asubuhi nimeifungua ramani kwa ajili yako tu. Mishale yote mbele ya Sutvid inaelekea kaskazini-magharibi, kama siku ya ndoo ya mama. Hakuna shubiri wala nusu shubiri.

Kwa hiyo tuanze na lililo karibu. Umesafisha bomba lini? Mashine yako inapokea bahari kwa bomba moja jembamba, na bomba hilo likiota kome, maji huingia na kutoka kwa taabu na kalamu huchora uongo. Niliyaona mwenyewe hayo kiangazi kile, ukaniapia kwamba ni safi, tukatoa kome ndoo mbili tukapika supu. Karatasi yako ya wiki hii nimeiwekea alama ya shaka. Si kwa ubaya. Ndiyo taratibu.

Na boya la Mzee Šime, nani kaliona likikatika? Huyo mzee akilewa hujui kama ametega kaskazini au chooni.

Mwezi wa tano wanakuja wakubwa kuikagua modeli yetu. Wakiipitisha, nchi nzima itaitumia, meli zitaitumia, waokoaji wataitumia rasmi badala ya kutupigia simu kwa kuomba. Miaka kumi na moja nimeifanyia kazi, kaka. Kwa hiyo tafadhali, bomba.

Msalimie wifi. Mwambie jibini ni tamu kuliko mdomo wake.

Jelka


Sutvid, Jumatatu, 12 Machi 2007

Jelka,

Nimesafisha bomba. Nimeingia maji ya Machi hadi kifuani, nina miaka hamsini na nane. Kome walikuwa watatu. Nimewahesabu, nimewala, na mstari uko palepale. Nimeuzungushia penseli nyekundu ili usiseme hukuuona.

Miaka kumi na tisa nakuvulia karatasi hii kila Jumatatu. Sijawahi kukuambia bahari imefanya jambo ambalo haikufanya. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe una macho ya kupima mpaka kule mbinguni na bado nakuambia tazama.

Basi. Sitaki tugombane kwa ajili ya maji, maji si ya mtu.

Keshokutwa navuka kwenda kisiwa cha Vranj kuangalia kondoo. Kuna jike mweupe anakaribia kuzaa, na Pasaka haiko mbali. Injini inakohoa lakini inakwenda. Nikirudi nitakuandikia wangapi wamezaliwa, hiyo namba angalau utaiamini.

Vicko


Sutvid, Jumatatu, 2 Aprili 2007

Wifi Jelka,

Umenipigia simu mara nyingi, naona. Sipokei na sitapokea. Kwenye simu unalia, na ukilia sipati jibu. Niandikie. Maneno ya karatasi yanakaa mahali yalipowekwa.

Makaburini ulisimama upande wa pili, ukanishika mkono, ukasema "pole wifi," ukaondoka na boti ya saa tisa. Sikukuuliza siku ile kwa sababu padri alikuwapo na watu walikuwapo. Sasa niko peke yangu, nakuuliza.

Alivuka Jumatano asubuhi. Simu yake aliiacha juu ya meza ya jikoni kama kawaida yake. Alifika Vranj, maana kondoo walikutwa wamewekewa maji mapya na yule jike mweupe amezaa mapacha. Injini imemfia wakati wa kurudi. Upepo haukuwapo hata wa kuzima kiberiti, unakumbuka. Mashua ilichukuliwa na maji tu.

Alhamisi asubuhi wakaja waokoaji, meli moja na ndege moja. Mzee Šime akaenda gatini, akamwambia ofisa, nendeni kusini-mashariki, mkondo umegeuka wiki mbili sasa, boya langu limekwenda huko. Ofisa akafungua karatasi yenye mishale. Akasema, "Mzee, hii imetoka kwa wataalamu." Šime akamwambia, "Mtaalamu huyo namjua, nimemfundisha kuogelea." Watu wakacheka. Wakaenda kaskazini-magharibi. Alhamisi kaskazini-magharibi, Ijumaa kaskazini-magharibi, Jumamosi wakatanua, bado upande uleule. Jumatatu ndege ikaondolewa.

Jumanne meli ya uvuvi ya Waitalia ikamkuta kusini-mashariki, mbali. Amekaa, amejiegemeza kwenye injini, amejifunika turubai. Wewe uliambiwa amekufa baharini, ukafikiri amezama. Hakuzama. Daktari ameniambia alikufa kwa baridi, na kwamba hakuwa na siku mbili tangu afe. Hesabu wewe, ndiyo kazi yako. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, alikuwa hai. Alikuwa na mkate, jibini na maji, alikuwa anangoja.

Swali langu ni moja. Ile mishale nani aliichora?

Wifi yako,
Tonka


Zadar, 10 Aprili 2007

Wifi yangu,

Sijui nianzie wapi. Sikujua hilo la daktari. Nimelisoma na kulirudia. Alikuwa kaka yangu wa pekee, alinilea baba alipokuwa melini, nywele zangu za shule alikuwa anazisuka yeye. Usidhani nililala.

Mishale hakuichora mtu. Inatoka kwenye modeli, na modeli inafanya kazi kwa vipimo inavyopata. Wiki ile bahari ilifanya jambo lisilo la kawaida, jambo ambalo hutokea mara moja katika miaka mingi, na vipimo vilikuwa vichache. Karibu na visiwa satelaiti haioni vizuri, nchi kavu inaichanganya. Hakuna modeli duniani ambayo ingeweza kulijua lile. Taasisi inaandaa ripoti kamili na nitahakikisha inakufikia.

Ukiruhusu, nitakuja mwezi ujao tukae pamoja. Tusiachane, Tonka. Tumebaki wawili.

Wako,
Jelka


Sutvid, Jumatatu, 23 Aprili 2007

Wifi,

Ripoti imefika, kurasa kumi na nne. Nimeisoma na kamusi pembeni. Kwenye ukurasa wa tisa imeandikwa kwamba "hapakuwa na kipimo chochote kilichoashiria kugeuka kwa mkondo." Chini ya ukurasa wa mwisho kuna sahihi yako, naijua, ndiyo ileile ya kadi za Krismasi.

Hapakuwa na kipimo chochote. Sawa. Basi niambie, mume wangu aliingia maji ya Machi hadi kifuani kutafuta nini? Mimi ndiye niliyemsugua mgongo kwa pombe kali ya rakia alipotoka anatetemeka. Nilimwambia mwache huyo dada yako na mashine zake, akasema, "Hapana, ana wageni mwezi wa tano, lazima apate karatasi safi." Penseli nyekundu aliazima kwangu, niliyokuwa natumia kuandikia mitungi ya asali. Barua ya tarehe kumi na mbili uliipata au hukuipata? Ukisema hukuipata nitakuamini, Posta ni Posta. Ila sema.

Karatasi ya mashine naendelea kuibadilisha mimi. Saa mbili kamili. Hamjaniomba, hamjaniuliza, mnaipokea tu kila wiki. Naona hata hamjui kwamba mkono umebadilika.

Jambo jingine, nakuambia nisije nikaonekana naficha kama watu fulani. Waitalia walinirudishia koti lake. Ndani kulikuwa na karatasi ya mashine, ile niliyomfungia jibini. Ameiandika pande zote mbili kwa penseli. Siku, saa, na Sutvid na Vranj viko upande gani wa dira. Alikuwa anajipima anavyokwenda. Na maneno mengine.

Kuja kwako kungoje.

Tonka


Zadar, 14 Mei 2007

Mpendwa Tonka,

Barua ya tarehe kumi na mbili niliipata.

Nitakueleza yote, nipe muda, kuna mambo bado nayachunguza na sitaki kukuandikia nusu. Lakini leo naandika kwa jambo jingine, na najua litakuuma, kwa hiyo nalisema moja kwa moja.

Hiyo karatasi ya koti. Hakuna katika bahari yetu mtu aliyewahi kupima mkondo wa namna hii akiwa ndani yake, saa kwa saa, kwa dira. Nilimgusia mkurugenzi na ameomba sana tupate hizo saa na hizo nyuzi za dira. Tukizilinganisha na modeli tutajua ilikosea wapi, ili siku nyingine isimkosee mtu mwingine. Wakaguzi wameahirishwa hadi Septemba kwa sababu ya mambo haya. Ninachoomba ni namba tu. Maneno mengine ni yako, siyagusi.

Naomba kwa jina lake.

Jelka


Sutvid, Jumatatu, 28 Mei 2007

Daktari wa bahari,

Kufa kufaana, walisema kweli waliosema. Akiwa hai alikuletea karatasi elfu moja kasoro, ukaziwekea alama ya shaka. Amekufa, sasa anafaa.

Wala usitumie jina lake kuombea. Mimi ndiye ninayelala upande wake wa kitanda.

Lakini Šime ameniambia, "Tonka, mpe. Kesho atapotea mjukuu wangu." Kwa hiyo nimekupa. Umeomba namba, umepata namba. Maneno nimeyakata kwa mkasi. Ndiyo maana karatasi ina matundu matatu, usidhani ni panya.

Tonka


Zadar, 30 Juni 2007

Tonka,

Naandika hii nikiwa nyumbani, si ofisini, na hakuna aliyeisoma kabla yako.

Uliniuliza nani alichora mishale. Nilikujibu kwamba hakuna mtu. Ulikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati naandika.

Sikiliza ilivyo, nitasema kwa lugha ya jikoni. Kipimo cha satelaiti kikija, modeli haikipokei hivihivi. Kwanza inakilinganisha na inachoamini yenyewe. Kikikaribiana, kinapokewa. Kikitofautiana kupita kiasi fulani, kinahesabiwa kuwa ni kosa la satelaiti na kinatupwa. Lazima iwepo kanuni ya namna hiyo, kwa sababu satelaiti kweli hukosea, hasa penye visiwa. Kiasi cha kupokea na kutupa anakiweka mtu. Januari nilikikaza. Mimi, kwa mkono wangu, asubuhi moja nikiwa na kahawa mezani. Nilikuwa nimechoka kuona vipimo vya ajabu vikinichafulia ramani mbele ya visiwa, na wakaguzi wanakuja. Baada ya kukikaza ramani zikawa nzuri, modeli ikawa inakubaliana na vipimo vyote, kwa sababu vile visivyokubaliana nayo haikuviona tena. Mkurugenzi alinipongeza kwa namba hizo.

Nimefungua jalada la vilivyotupwa. Nilipaswa kulifungua Machi, sikulifungua. Tarehe saba Machi satelaiti ilipita kusini-magharibi ya Sutvid ikaona bahari imeinuka sentimita kumi na saba. Shubiri kasoro kidogo. Ikatupwa. Siku ya pili yake ndipo nilipomwandikia Vicko asafishe bomba. Tarehe kumi na tano, Alhamisi ile, yeye akiwa kwenye mashua, ilipita tena ikaona kitu kilekile. Ikatupwa tena.

Ofisa wa uokoaji alinipigia simu Alhamisi hiyohiyo saa sita mchana. Aliniuliza, "Kuna mzee hapa anabisha, una uhakika?" Barua yenye penseli nyekundu ilikuwa imefika asubuhi, ilikuwa juu ya meza, nimeshaisoma. Nikamwambia, "Nina uhakika." Alikuwa ni kaka yangu ninayemtafuta, Tonka. Sikumchezea. Niliamini ramani kwa moyo wote, nilimpa ofisa kitu bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo. Hilo ndilo linalonitesa zaidi, ningelikuwa mzembe ningepata mahali pa kujishika.

Nimeilegeza kanuni nikaiendesha modeli upya kwa wiki ile. Mishale imegeuka yote. Nikaiweka mashua ndani ya modeli, kwenye maji pale Vranj, Jumatano saa tano asubuhi, nikaiacha ichukuliwe. Halafu nikatandika karatasi ya Vicko juu yake. Zinakwenda pamoja. Jumamosi nzima zimeachana kilomita tatu tu, ndege ingemwona bila hata kugeuka.

Nilimpelekea mkurugenzi. Alitazama, akasema, "Kazi nzuri sana hii, Jelka, hii tutaichapisha." Nimeandika barua ya kuifuta ripoti, ukurasa wa tisa wote, na nimetaja jina langu. Wameniambia nisubiri hadi Septemba. Sitasubiri, nakala yake iko ndani ya bahasha hii, mpe Šime, mpe padri, mpe mwanasheria, mpe umtakaye.

Siombi msamaha, sijui mtu anauombaje wa namna hii. Naomba kitu kimoja. Yale matundu matatu. Nimeyatazama mpaka nayajua umbo. Kama kuna neno lake lolote linalonihusu, hata la kunitukana, na hasa la kunitukana, naomba unipe. Alikuwa na haki ya kunitukana na mimi nina haki ya kusikia.

Na mwezi wa tatu, Misa yake ya mwaka, niruhusu nije.

Jelka


Sutvid, Jumatatu, 9 Julai 2007

Jelka,

Nimeisoma mara moja, sirudii. Kikulacho ki nguoni mwako, nilikuwa nasikia tu.

Nilikuwa najua kwamba uliipata barua. Nilikuwa najua unaficha. Sikujua kwamba hata yule satelaiti wako wa juu alikuwa ameona. Hilo ungeniachia nisijue, ningekuwa na pa kulala. Lakini nimeuliza mwenyewe, nimejibiwa.

Nakala nimempa Šime. Aliisoma gatini kwa sauti, kisha akaikunja akaiweka kifuani.

Misa njoo. Nyumba ni ya mama yenu, siwezi kukuzuia mlango. Kitanda chako kipo. Kahawa sitakupikia, na usinikumbatie. Karatasi ya mashine nitaendelea kuivua kila Jumatatu, si kwa ajili yako wala ya taasisi. Yeye angeivua.

Sasa hayo matundu. La kwanza ni la kondoo, mapacha ni jike na dume, ananiambia dume tusimchinje. Hilo ni langu. La pili pia ni langu, halikuhusu.

La tatu ni lako. Nililikata nalo kwa makusudi, nilitaka ukae ukidhani amekutukana. Wiki sita zimenitosha. Umesema una haki ya kusikia tusi, na mimi ningelipa chochote liwe tusi kweli. Kipande chenyewe hiki hapa, nimekibandika chini, na ukishakisoma usiniandikie.

Tonka

*Ijumaa, saa nane mchana. Nimesikia ndege, mbali, upande wa kaskazini. Wanatafuta kule. Tonka, usiwe na wasiwasi. Satelaiti ya Jelka lazima imeshapita juu yangu, na maji yalivyoinuka haiwezi kukosa kuyaona. Akishaona yeye atawaambia wageuze waje huku. Nilikuwa namtania bure. Mwambie ameshinda.*